Kijani cha Kupaka

Katika Ghorofa zote za Bigwa hakukuwa na mkandaji wa kumfikia Bi Sikudhani binti Kobelo, na jambo hili alilisema mwenyewe kila siku, maana hakuna mwingine aliyekuwa akilisema.

"Mikono hii," alisema, ameinua viganja vyote viwili, maji ya uvuguvugu yakimchuruzika hadi viwikoni, "imewaosha watoto wa ghorofa hizi tangu rangi ya ukutani haijakauka, na haijamwangusha hata mmoja." Akafikiri kidogo. "Isipokuwa mwenyekiti wetu wa mtaa. Na mnamwona alivyo."

Binti yake, Zamoyoni, aliyekuwa amejilaza kitandani na mkanda wa uzazi tumboni, alicheka huku anaguna kwa maumivu. Hata Bi Nakijwa, mama yake mume wa Zamoyoni, alicheka kule alikokaa kwenye kigoda, nje ya kizingiti cha chumba. Alicheka kwa kujizuia, kama mgeni asiyejua kama mzaha ni wa watu wote au wa wenye nyumba tu.

Ndani ya beseni alikuwamo mwenyewe, bwana mkubwa, mwekundu kama nyanya, ngumi amezikunja. Jina lake lilikuwa linangoja arobaini. Kwa sasa bibi zake wote wawili walimwita Mume, na kwa kuwa mume ni mmoja, wao wakawa wake wenza.

"Mke mwenzangu," Bi Sikudhani akaita bila kugeuka, "sogea umwone mume wetu anavyooga. Au huko kwenu Usangi wanaume hawaogi?"

"Wanaoga," alijibu Bi Nakijwa. "Ila maji yetu ya baridi. Ndiyo maana wanaume wetu wana akili."

"Basi huyu mniachie huku kwenye joto. Mume mwenye akili nilishakuwa naye mmoja. Akanikimbia."

Bi Nakijwa alicheka tena, lakini hakusogea. Asingeweza kusogea. Juu ya mlango, pale ambapo watu wa zamani wangetundika picha ya harusi, kulikuwa na kioo cha mduara chenye ukubwa wa sahani, na kioo kile kilikuwa kinamtazama mkono.

Kila mtu nchini alikuwa na ushanga. Siyo wa kiunoni, ule wa kiunoni ni habari nyingine na kila mwanamke anajua wa kwake. Huu ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, unapandwa chini ya ngozi ya mkono, karibu na bega, mtoto anapotimiza arobaini. Ndani yake mlikuwa na kinga iliyovuja kidogo kidogo mwilini: kinga ya kifaduro, ya dondakoo, ya pepopunda, ya homa ya uti wa mgongo. Ukiwa umeshiba, ushanga uling'aa kijani chini ya ngozi. Ukipungukiwa ulikuwa njano. Ukiisha, kijivu, na mwenye nao alitakiwa aende kituoni ukalishwe tena. Watu walipaita malisho, na kila aendaye aliulizwa na jirani kama anachukua na kamba yake.

Ushanga ulifanya kazi vizuri mno, na hilo ndilo lililoharibu. Magonjwa yale yaliondoka mpaka yakabaki majina. Watoto walitaniana, anayepaliwa na uji akaitwa kifaduro. Vijana waliosoma vizuri walidhani dondakoo ni ndege. Na kitu kisichoonekana, nani akiogope? Mmoja akaahirisha malisho kwa sababu ya kazi. Mwingine akasema yeye ana afya, hajawahi kulala kitandani isipokuwa usiku. Wengine walikaa mbali na kituo, mvua ikikata barabara, basi. Katika vyumba vya kupanga vya mjini watu walilala wamebanana kama vitumbua kwenye sahani, madirisha yamefungwa kwa vumbi, na mmoja akikohoa wote walionja. Mwaka ule redio zikaanza kuyataja tena yale majina, kwa sauti ya kujikwaa, maana hata watangazaji hawakuyazoea.

Mtoto mchanga hakuwa na ushanga. Mwili wake ulikuwa haujaweza kuubeba. Mpaka arobaini, kinga yake ilikuwa ni watu: kila anayemgusa awe kijani, wamzunguke kama ukuta. Ndiyo maana kliniki ilitundika kioo kwenye kila chumba cha mzazi. Kijani kilipita kimya. Njano ilipofika mlangoni, kioo kiliguna, mlio mdogo wa aibu, kama mtu anayesafisha koo mbele ya mgeni aliyekosea viatu.

Bi Nakijwa alikuwa njano. Alishuka kwenye treni ya Upareni na ndoo ya magimbi kichwani, akafika mlangoni, kioo kikaguna. Akasema pale pale, mbele za watu, kwamba kituo cha kwao kiko ng'ambo ya mto na daraja limekwenda na maji, na kwamba kinga yake bado ipo kidogo lakini hataki kubahatisha kwa mjukuu. Akaomba kigoda. Tangu siku ile alikaa pale, akimtazama mjukuu wake kama mtu anayetazama dukani kitu ambacho hakuja na pesa yake.

Bi Sikudhani alikuwa kijani. Kijani cha jani la mgomba asubuhi baada ya mvua, kijani ambacho majirani walikisifu, na ambacho yeye alikionyesha kwa kuvaa magauni yasiyo na mikono, katika umri ambao wenzake walikuwa wameanza kuificha.

Kilikuwa kijani cha kupaka.

Hakuwa mjinga, wala hakuwa miongoni mwa wale wanaosema ushanga unaleta utasa. Hao aliwacheka, akawauliza mbona wao walizaliwa. Mara ya kwanza aliahirisha kwa sababu ya harusi, maana malisho huleta homa, na nani aende harusini anatetemeka kama bi harusi? Mara ya pili ilikuwa mvua. Mara ya tatu, na hii ndiyo ilikuwa sababu yenyewe, alisikia kwamba pale kituoni wakishamaliza na ushanga huwapa wazee kikombe cha maji wakishike kwa mkono mmoja, na mashine inatazama maji yanavyotikisika. Mwenye kutikisa sana anaambiwa, kwa upole mkubwa, asishike tena watoto wachanga. Bi Sikudhani alijaribu nyumbani kwa kikombe chake mwenyewe. Maji yalimwagika mpaka kwenye kandambili. Alikifuta kile kikombe, akakirudisha kabatini, na hakwenda.

Piko la kijani aliuziwa na mwanamke wa sokoni anayepamba maharusi. Tone moja kwa njiti ya kiberiti, kila akitoka kuoga. Kioo cha kliniki kilikuwa cha bei nafuu, hakikuchungulia ndani ya ngozi. "Kama wanaume," alijiambia siku ya kwanza kilipompitisha kimya. "Kinatazama rangi." Akajichekea peke yake. Baadaye, alipokuwa na wakati mwingi wa kukumbuka, kicheko kile ndicho kilichomuuma kuliko vyote.

Sasa alimtoa Mume kwenye maji, akamfunika kwa kanga, akaanza kumkausha kwenye mikunjo ya shingo. Akageuza uso pembeni akakohoa, kile kikohozi kikavu kilichokuwa kimemng'ang'ania wiki kadhaa.

"Bado tu, mama?" Zamoyoni aliuliza.

"Udi. Ule wa bei rahisi. Unanuka kama msikiti, unakaba kama polisi."

Alikuwa bado anatabasamu kwa maneno yake mwenyewe alipoona kwamba Mume ametulia mno. Hakulia. Hakukohoa. Alikuwa amefungua mdomo kama anayetaka kuuliza jambo, na midomo ile ilikuwa inageuka rangi ya zambarau.

"Haya, mume wangu, usinifanyie hivyo," alisema. Akamtingisha. Akampuliza usoni. Akamgeuza kifudifudi kwenye kiganja, akampiga mgongoni, na mkono wake ulitetemeka hata hakujua ni kipi kinachotetemeka, mkono au mtoto. Zamoyoni alishapiga kelele na kuruka kitandani. Bi Nakijwa alisimama, kigoda kikaanguka, akafika mpaka kwenye kizingiti, kioo kikaguna, naye akasimama hapo hapo, mikono imenyooshwa mbele.

Kisha mtoto akavuta pumzi. Pumzi nyembamba, yenye uzi ndani yake. Akakohoa mara moja, kidogo, kama paka.

*

Daktari wa hospitali ya watoto alikuwa kijana mwenye ndevu changa, na aliitazama ile mashine ya vipimo mara mbili kabla ya kuamini.

"Ni kifaduro," alisema.

Zamoyoni alimtazama kama ametukanwa. "Kile cha watoto kutaniana?"

"Hicho hicho. Ni bakteria, anakaa kwenye njia ya hewa. Kwa mtu mzima anaweza kuwa kikohozi tu, cha wiki nyingi, mtu akasema ni vumbi. Mtoto mchanga hana hata nguvu ya kukohoa. Anasahau kupumua." Alisema hivyo taratibu, na ilionekana alikuwa amekisoma kitabuni na hakutarajia kukisema kwa mtu. "Bakteria huyu hakupeperuka tu kutoka hewani. Mtu aliye karibu amempa. Nani wamemshika?"

"Mimi," alisema Zamoyoni. "Baba yake, kabla hajarudi kazini Singida. Na mama yangu. Wote kijani. Muulizeni kioo."

Kioo kiliulizwa, kwa njia zao za kuulizana mashine kwa mashine, kikasema ndiyo: kijani, kijani, kijani.

Hapo Zamoyoni aligeuza kichwa polepole kumtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama kwenye ukuta wa mwisho, nyuma ya mstari mwekundu wa watu wa njano.

Bi Nakijwa hakungoja kuulizwa. "Nilimgusa mguu," alisema.

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Mlimtoa jua la asubuhi kwenye baraza. Akapiga teke kanga, mguu ukawa nje. Nikamfunika." Mdomo ukaanza kumcheza. "Nikambusu kisigino. Mara moja tu, mwanangu. Nilidhani kisigino kiko mbali na pua."

Zamoyoni alifunika uso kwa mikono.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati yao. Alijua. Alijua tangu daktari aliposema kikohozi cha wiki nyingi. Neno moja lingetosha. Alikuwa na maneno mengi maisha yake yote, ameyatawanya kama mchele wa kuku, na lile moja hakulitoa. Alimwona binti yake, akaona namna atakavyotazamwa tangu siku hiyo. Akaona majirani. Akaona mapacha wa ghorofa ya tatu aliowaosha jana, na mtoto wa mwalimu aliyemwosha asubuhi ile ile, na akafumba macho asiwaone.

Wote walikuwa wanamngoja, maana yeye ndiye aliyezoea kusema.

"Mguu nao ni mwili, mkwe wangu," alisema.

Hakumwita mke mwenzangu. Bi Nakijwa alilisikia hilo. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa, akaanza kutafuta kandambili zake, nazo alikuwa amezivaa.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Sikudhani alimsindikiza mwenzake mpaka kwenye lango la hospitali. Zamoyoni hakutoka kuaga.

"Sufiani hatanipigia simu," alisema Bi Nakijwa. Sufiani ndiye mwanawe, baba wa mtoto. "Mkewe ameshamwambia. Wewe ndiye utakayeniambia hali ya mtoto. Hata kama ni mbaya. Usinifiche."

"Sitakuficha."

"Najua. Wewe una mdomo mchafu lakini huna hila." Akamshika mkono. "Nisamehe, mke mwenzangu. Nimekuharibia nyumba."

Bi Sikudhani alifungua mdomo. Mpaka leo hajui alitaka kusema nini, kwa sababu kilichotoka kilikuwa kikohozi, kirefu, kilichompinda mpaka akashika nguzo ya lango. Alipoinuka macho yalikuwa yanatiririka.

"Udi," alisema.

Hapakuwa na udi. Palikuwa na lango, na mlinzi, na mwanamke anayeuza maandazi.

"Pole," alisema Bi Nakijwa. "Ningekuwa na asali ya kwetu ningekupa." Kisha akapanda bajaji ya stesheni, na ndoo yake tupu magotini, akapunga mkono mpaka kona.

Bi Sikudhani alisimama pale. Alijiambia kwamba mtoto atapona kwa dawa, kwamba akipona mambo yatasahaulika, kwamba mwakani atapanda treni mwenyewe aende Usangi na kitenge kizuri amwombe radhi bila kusema ni radhi ya nini. Alikuwa hodari wa kujipatanisha na watu wasiojua kwamba wamegombana.

*

Alipoingia wodini, muuguzi aliyeitwa Anyelwisye alikuwa ameinama kwenye kitanda cha kioo alimolazwa Mume, na Zamoyoni amesimama kando yake, kajikumbatia.

"Dawa zinawaua bakteria vizuri," muuguzi alikuwa akieleza. "Tatizo ni sumu waliyokwisha kuimwaga. Dawa haiifuti sumu. Inayoifuta ni kinga, na huyu hana. Tunachoweza ni kumwazimia." Alionyesha mashine ndogo ukutani, yenye mirija miwili. "Tunachukua damu ya ndugu ambaye ushanga wake uko hai. Inapita kwenye chujio, chujio linashika ile kinga peke yake, tunampa mtoto. Ndani ya siku moja anaanza kupumua mwenyewe."

"Chukueni yangu," alisema Zamoyoni.

"Wewe ulilishwa ulipotoka kujifungua. Bado haijaiva, mama. Na damu yenyewe umepoteza." Muuguzi alilisema kwa huruma, lakini Zamoyoni alirudi nyuma kama amesukumwa. Aliahirisha malisho mimba nzima, kambi ya Singida walikoishi na mumewe ilikuwa mbali na mji, kila wiki akisema wiki ijayo. "Tunataka mtu wa damu moja, aliyekwisha kuiva; baba yake yuko Singida, hatuwezi kumngoja afike. Kijani ndiyo bora. Hata njano inafaa, nusu ya kinga ni kinga. Ila chujio limebaki moja tu hapa hospitali. Miaka mingi hakuna aliyelihitaji, wakaacha kuagiza. Likishashika damu ya mtu mmoja, basi. Kwa hiyo tuchague vizuri."

Zamoyoni alishageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana uso wake kuwa na mwanga.

"Mama," alisema. "Mama yangu huyu hapa. Kijani tupu, mtazame!"

Muuguzi akautazama mkono wa Bi Sikudhani, akatabasamu. "Mashallah. Bibi, ungekuwa taa tungezima umeme."

Bi Sikudhani alitazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyekaa naye kwenye benchi.

"Kwa nini msimwite yule mke mwenzangu?" alisema. "Damu ya milimani ile. Nzito. Mimi damu yangu ni ya mtu wa mjini, nusu yake chai."

"Mama!"

"Nasema tu. Amesema njano inafaa. Treni haijafika mbali."

"Yule aliyemuua mwanangu?"

"Hajafa, usiseme—"

"Simtaki karibu yake. Na damu yake siitaki." Zamoyoni alimkabili mama yake. "Una nini wewe? Jana ulimtetea? Hukumtetea. Leo wewe uko hapa, kijani, unataka tukamwite wa njano kwenye treni?"

"Mwanangu, ninachosema..."

"Unaogopa sindano?"

Muuguzi aliingilia kati kwa upole, akamkalisha Bi Sikudhani kwenye kiti kirefu kando ya mashine. Kwenye kitanda cha kioo Mume alivuta ile pumzi ya uzi, akanyamaza, wote wakanyamaza naye, akavuta nyingine.

Bi Sikudhani aliegemea. Akili yake ilikuwa inakimbia kama kuku ndani ya chumba. Akisema kweli, amekwisha. Akinyamaza, chujio litashika damu isiyo na kitu, na mtoto amekwisha. Lakini je, kama wao wenyewe wangemkataa? Wakimkuta ana kasoro, wakasema bibi huyu hafai, tutafute mwingine? Hapo asingekuwa amesema lolote, na treni ingerudishwa, na mtoto angepona. Njia ile ilionekana safi kabisa. Alichotakiwa ni kudanganya kidogo tu tena, na kudanganya alikuwa anakujua.

"Nikuulize machache, Bibi," alisema muuguzi, akivaa glavu. "Ulilishwa lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa mfungo."

"Ulipata shida yoyote baada ya malisho?"

Hapo hapo akaona mlango wa kutokea. "Shida?" alisema Bi Sikudhani. "Mjukuu wangu, mimi nilikufa nikarudi. Yule msichana alinichoma sindano, sijui alijifunzia kwenye magodoro. Ndefu, ya kushonea magunia! Ikapinda. Akaichomoa, akanichoma tena. Mkono ukavimba kama papai, nikaanguka pale pale mbele ya foleni, gauni huku, mimi kule, wazee wa watu wakaona vitu ambavyo mume wangu alikuwa havioni mpaka aombe. Tangu siku ile damu yangu inaganda nikiona sindano. Wenyewe waliniambia, bibi, wewe usitoe damu kamwe. Wangeandika, ila walikuwa wanacheka."

Mwanamke wa kitanda cha jirani alicheka kwa sauti. Hata Zamoyoni mdomo ulimcheza kidogo, maana huyo alikuwa mama yake anayemjua.

Muuguzi hakucheka. Alikuwa amesimama na mrija mkononi.

"Sindano, Bibi?"

"Eeh, sindano."

"Mwaka jana?"

"Nimesema mwezi wa mfungo."

"Hatuna sindano za malisho," alisema muuguzi. "Tangu mwaka juzi, nchi nzima. Ushanga unalishwa kwa kunywa."

Bi Sikudhani, mazungumzo ya malisho yalipoanza popote, siku zote aliyageuza yakawa ya waume za watu. Ndiyo maana habari ile ilimpita. Aliona mwanamke wa kitanda cha jirani ameacha kucheka.

"Si ndiyo, nilikunywa," alisema haraka. "Nimechanganya. Sindano ilikuwa ya... ya mwaka ule mwingine. Uzee huu, mwanangu. Mwaka jana nilikunywa. Nikanywa nikaenda zangu."

"Ilikuwa na ladha gani?"

Swali lilikuwa dogo, na muuguzi aliliuliza kwa sauti ya chini, karibu ya kumwombea apate jibu. Bi Sikudhani alimgeukia binti yake, kama mtoto wa shule anavyomtazama mwenzake aliyekaa karibu.

Zamoyoni aliinywa dawa ile chungu siku alipotoka kujifungua, akatapika yote kwenye maua ya hospitali, wakampa tena. Alimtazama mama yake tu.

"Tamu," alisema Bi Sikudhani. "Tamu kidogo."

Zamoyoni alisogea. Akaushika mkono wa mama yake juu ya kiwiko, bila nguvu. Akalamba kidole gumba, kama anavyofanya mzazi anapotaka kufuta uji kwenye shavu la mtoto, akakipitisha pale karibu na bega, mara moja, mara ya pili. Akakiinua kidole mbele ya macho yake. Kilikuwa kijani.

Muuguzi alilitoa lile chujio kwenye mashine, taratibu, kwa mikono miwili, akalirudisha ndani ya kasha lake.

"Zamoyoni," alisema Bi Sikudhani. "Mama, nisikilize..."

Zamoyoni alimgeukia muuguzi, kidole bado kimeinuliwa.

"Treni ya Upareni," alisema, "sasa hivi imefika wapi?"